Volti Tatu za Ng'ambo

Saa nne na robo asubuhi Biasha alimkaza mwanawe Yasmin mgongoni, akaingia ndani ya boti ya wagonjwa iliyofungwa gatini Mbwera, akafunua sanduku la betri. Kwenye benchi la abiria alikaa wifi yake Siti, mwenye mimba ya mapacha, wa kwanza katanguliza miguu. Karatasi ya rufaa aliikunja ndani ya kanga. Alitakiwa avushwe mpaka Nyamisati, kisha gari limpeleke hospitali Kibiti. Maji yangeanza kupwa saa saba. Yakishapwa vijito hubaki tope, na boti haitoki mpaka kesho.

"Mimi siondoki na kioo kinachozima," alisema nahodha Hemedy. "Mwezi uliopita kioo cha ramani kilizima mlangoni mwa kijito, na redio ikanyamaza. Tulikaa juu ya fungu la mchanga saa sita, na mgonjwa wa watu. Sirudii."

Kioo na redio viliwaka vizuri, ila mtu akibonyeza redio aseme, vyote vilizima. Mafundi watatu walishakuja. Wa kwanza alibadilisha redio. Wa pili alibadilisha kioo. Wa tatu aliibadilisha redio ya yule wa kwanza. Hakuna aliyepima.

"Na wewe fundi wa darasa la jioni," Hemedy akatania, "utabadilisha nini?"

"Nikikosa cha kubadilisha nitabadilisha nahodha."

Siti alicheka, akashika kiuno.

Mwalimu wa jioni alikuwa amemfundisha Biasha jambo moja ambalo hakulisahau: umeme upimwe ukiwa kazini, maana ukiupima umelala utakudanganya. Alipima betri, akapata kumi na mbili nukta sita. Nyuma ya redio, kumi na mbili na nusu. Akamwambia Hemedy abonyeze. Kwenye betri umeme ulibaki palepale, kwenye redio ukaanguka mpaka tisa nukta nne. Volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani.

Alisugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka kutu ya kijani ikaisha. Akabadilisha fyuzi. Akakaza waya wa ethi. Tatu zilezile. Akachomoa kioo, redio, kipima kina na pampu, kimoja baada ya kingine, hata waya ukabaki mtupu. Mita bado ilionyesha kuwa umeme unakwenda.

Akaufuata waya kwa vidole. Kwenye kona ya nyuma ulikuwa na uvuguvugu. Uvuguvugu ule ulitoka kwenye waya, ukapita ubavuni mwa boti, ukashuka majini na kuelekea upande wa mikoko, iliko zahanati ya kijiji cha pili. Biasha alitia mkono majini, akausikia unavyokwenda.

"Umeme wako unakwenda zahanati ya ng'ambo," alisema.

"Huko ni mwendo wa saa nzima," alisema Hemedy. "Ndiyo maana unachoka."

Biasha alimpigia simu nesi Mwanamina wa ng'ambo, akamuuliza kuhusu taa ya chumba cha kujifungulia.

"Taa ya leba? Inawaka, mama Yasmin. Tangu Ramadhani inawaka, iwe mvua, isiwe mvua."

"Kwa betri zipi?"

"Betri gani tena! Za sola zilichukuliwa zamani, ziko kwa mwenyekiti wetu wa kijiji zinaendesha televisheni ya mpira. Alisema anaazima."

Biasha alirudisha redio na kioo kwenye waya. "Nizimie kidogo, nesi, nipime."

"Nina mzazi hapa, kichwa kinaonekana, na chumba hakina dirisha. Nakuhesabia tatu tu, mwanangu. Moja."

Hemedy akabonyeza redio. Kumi na mbili nukta tatu. Kioo kilitulia kama maji ya mtungini, kila kijito mahali pake.

"Mbili. Tatu."

Nesi akawasha taa, na kioo kikazima. Ndani ya simu mama mmoja alipiga ukelele, halafu kikasikika kilio kidogo, chembamba.

"Wa kike," alisema nesi. "Haya niambie, unanikatia?"

Koleo lilikuwa mkononi mwa Biasha. Kukata ni mkono mmoja tu. Biasha alimtazama Siti, na Siti alikuwa amefumba macho, akipumua kwa kuhesabu.

"Wifi," alisema Siti bila kufumbua, "usimwache mwenzangu gizani. Tafuta njia nyingine, lakini itafute upesi."

Biasha alifungua mkoba. Ndani kulikuwa na waya mnene, jozi nzima, aliouweka kwa ajili ya sola ya chumbani kwake. Aliutandaza kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye redio na kioo, akaupa fyuzi yake, akaufunga vizuri usiguse maji. Waya wa zamani aliuacha uendelee na safari zake. Ilipofika saa sita na nusu Hemedy alibonyeza redio na kuita Nyamisati. Nyamisati ikaitika. Kioo hakikupepesa.

"Kwangu pia haijapepesa," alisema nesi kwenye simu.

Boti iliondoka na maji. Injini ilipoanza kuchaji, nesi alituma ujumbe kwamba taa imekuwa kali, anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Saa kumi na moja jioni habari ikaja kutoka Kibiti: upasuaji umekwisha, mapacha wawili, wote wanalia, mama anaomba chai. Biasha alikaa gatini akamnyonyesha Yasmin, na mabega yake yakashuka.

Ijumaa alivuka kwenda kwa mwenyekiti wa ng'ambo kuulizia betri. Alimkuta anatazama mpira.

"Kumbe taa ya leba inawaka?" alisema mwenyekiti. "Alhamdulillahi. Sasa betri za nini tena?" Akaongeza sauti ya televisheni.

Biasha alirudi botini, akauzungushia waya wa zamani utepe mwekundu na kuandika: LEBA, USIKATE. Hemedy akauliza kama azime swichi kuu akiegesha. Biasha akamwambia aiache hivyohivyo, kuna mzazi wa Jumatatu kule ng'ambo.