Mstari Mwekundu wa Kitanda cha Sita

Saa tatu asubuhi fundi wa programu wa hospitali alisogeza kikombe cha chai pembeni, akaanza kuzitia rangi kumbukumbu za mtambo wa oksijeni. Kila dakika mtambo uliandika mstari mmoja kueleza hali yake, herufi nyeupe juu ya kioo cheusi cha kompyuta, maelfu kwa maelfu, zote zikifanana kama mchele guniani. Alitaka shwari iwe kijani, onyo liwe njano, hitilafu iwe nyekundu, hata mvivu wa kusoma aone.

Hakutumwa na mtu. Mwezi uliopita mdogo wake, kitinda mimba waliyemwita Kicheko, alifia wodi ya pili, na meneja akawaambia wafiwa kuwa ni kazi ya Mungu.

Alipomaliza alirudi nyuma hadi siku ile. Njano zilianza siku kumi na moja kabla. Kisha, saa nane na dakika nne mchana, nyekundu moja: *oksijeni imekatika, kitanda cha sita.*

"Kumbe ulisema," aliuambia mtambo. "Siku kumi na moja ulikuwa unasema."

Mstari ule ukatoka kwenye kioo, ukateremka mguu wa meza, ukapita chini ya mlango. Fundi akaufuata. Kwenye ujia mfagizi aliinua dekio kuupisha.

"Angalia usiteleze, haujakauka," alisema.

Wodini ulipanda kitanda cha sita. Bibi aliyelala hapo akakunja miguu. "Kaa tu," aliuambia, "huniumizi."

Meneja alikuja, akauruka. "Kazi nzuri, dada. Sasa mtu anasoma bila miwani. Ila nyekundu inatisha wageni. Ifanye kijivu."

"Na mtambo?"

"Mtambo mzima. Huoni kijani zilivyo nyingi?"

Fundi alibadilisha, nyekundu ya kwenye kioo ikawa kijivu, lakini sakafuni mstari ulibaki mwekundu. Wafagizi waliusugua wiki nzima wakachoka. Wagonjwa wakaanza kuelekezana kwa mstari huo: "Maabara? Fuata nyekundu, kisha kata kushoto."

Jumatatu, mstari wa njano ulioandikwa *kitanda cha tisa* ulitoka kwenye kioo. Fundi alimpigia meneja, akaambiwa yuko kikaoni. Alimwomba muuguzi amhamishe mgonjwa wa kitanda cha tisa.

"Nimpeleke wapi, dada yangu? Vitanda vyote vinategemea mtambo huo huo."

Basi akaufuata mstari hadi kitanda cha tisa. Mwanamke wa makamo, mpira wa oksijeni puani, alikuwa anajisuka nywele, nusu kichwa tayari.

"Umekuja kumwona nani?"

"Wewe."

"Afadhali. Hebu nimalizie huku nyuma, mkono haufiki."

Fundi aliketi nyuma yake, akagawa nywele mafungu matatu, akasuka polepole, akifumua na kurudia, asije akamaliza upesi.