Ule Ulikuwa wa Kujaribu

Kila Ijumaa jioni Mkaguzi alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza ya kulia, akasogeza vikombe pembeni, akasubiri wenzake waje kucheza. Mchana kutwa alikuwa akizunguka madukani kukagua mizani, na muuza sukari aliyepunja hata kijiko kimoja aliijua sauti ya viatu vyake. Alikuwa mtu wa haki. Haki ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kama wafanyakazi wengi, hakupenda kubeba kazi nyumbani.

Mchezo aliuleta shemeji yake, kaka wa mkewe. Kila mchezaji huumba mtu wa kubuni, kisha wote huingia naye safarini kwa maneno tu, hapo hapo mezani. Lakini mtu huyo humchagui. Unarusha dadu tatu kwa ajili ya nguvu, tatu kwa ajili ya akili, tatu kwa ajili ya wepesi, na kilichoanguka ndicho ulichopewa. Jirani yao Mfamasia alipata shujaa mwenye akili nne kati ya kumi na nane. Akacheka mpaka machozi, akamchukua hivyo hivyo, na tangu siku hiyo shujaa wake aliamkia shikamoo kila mlango aliokuta umefungwa.

Mkaguzi naye akarusha. Akapata mpiganaji mwenye nguvu tano.

"Hii imegonga kikombe," akasema, akizikusanya dadu.

"Shemeji, kilichoanguka ndicho."

"Ule ulikuwa wa kujaribu."

Akarusha tena.

Mkewe alikuwa jikoni akikata mkate. Mpiganaji aliyekataliwa aliingia kutoka koridoni akiburuza upanga kwa mikono miwili, akapiga hodi akiwa keshaingia.

"Karibu," mke wa Mkaguzi akasema. "Futa miguu kwanza."

Akafuta. Kisha akauliza kama kuna chai.

Ijumaa iliyofuata Mkaguzi alimkataa mchawi mwenye akili sita, kwa kuwa dadu zililalia mkunjo wa kitambaa. Mchawi huyo alijua nusu ya uchawi mmoja: aliweza kuchemsha birika bila moto, ila sharti liwe tupu. Akafuata mwizi wa kike asiye na wepesi wowote. Aliiba kijiko, kikamponyoka, sufuria zikaporomoka. Akaomba radhi, akaosha vyombo. Baada ya muda korido ikajaa magodoro. Asubuhi walipanga foleni ya choo wakisalimiana kwa alama zao, na Mkaguzi akawaruka mmoja mmoja akienda kazini. Kilichomkera ni sukari tu, kwamba inaisha upesi. Akapima pakiti kuona kama muuzaji amempunja.

"Hawa watakaa hapa mpaka lini?" alimwuliza mkewe.

"Ni wako, Baba Bingwa."

"Wangu ni yule anayecheza."

Anayecheza alikuwa na kumi na nane kila upande. Alishinda kila vita kabla havijaanza, na wenzake mezani walikuwa wakijifunika mdomo kupiga miayo.

Mkaguzi na mkewe waliitwa Baba Bingwa na Mama Bingwa. Bingwa alikuwa mtoto wao wa kiume, mrefu, mkimbiaji, anayesoma shule ya bweni. Picha zake zilijaa ukutani hata saa ikabidi ihamie jikoni. Wazazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Bingwa alikuwa wa pili.

Ijumaa moja Mkaguzi akamkataa msichana mpiga mishale. Msichana akaingia jikoni akivuta mguu wa kushoto, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kumenya vitunguu bila kuagizwa. Mama Bingwa alimtazama aliponyanyuka kufuata kisu, jinsi bega lilivyotangulia na mguu ukafuata nyuma. Akazima jiko.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda. Kabla hajaachishwa ziwa vizuri, Mkaguzi alimpeleka kwa bibi yake mzaa baba, mji mwingine, akapate hewa safi. Mama Bingwa alipolia, mumewe alimbembeleza kwa upole. "Usijali, mke wangu. Huyu alikuwa wa kujaribu." Akayameza maneno hayo. Kila likizo alikwenda kumtazama binti yake, akarudi kabla ya giza, na kila aliporudi aliulizwa chakula kiko wapi.

Ijumaa iliyofuata aliomba ruhusa katika duka la miwani alikofanya kazi, akapanda basi la asubuhi. Mama mkwe akampokea mlangoni.

"Nilidhani utakuja kumchukua kabla hajanipita kimo," akasema, akamkabidhi begi. Alilifunga miaka mingi nyuma, na nguo zilizokuwamo zilikuwa zimekua sambamba na mwenyewe.

"Baba anajua nakuja?" binti aliuliza ndani ya basi.

"Atajua ukifika."

Walifika mchezo umekolea. Shujaa wa Mkaguzi alikuwa anahitaji farasi, na hata farasi hurushiwa dadu. Binti akavuka sebule akivuta mguu, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, baba."

Mkaguzi akamtazama usoni, akautazama mguu, kisha akazitazama dadu mkononi kwa mashaka, maana alikuwa bado hajarusha.

"Marahaba. Wenzako wako jikoni. Mama Bingwa! Mwingine huyu, mtafutie godoro."

Mfamasia akaweka kikombe chini. Shemeji mtu akainamia sheria zake.

"Baba Bingwa," mkewe akasema, "huyu ni mwanao."

"Si mnasema wote ni wangu?" Mkaguzi akajibu, akaanza kuzitikisa dadu.

Hakuna aliyeinua macho. Mama Bingwa akamshika binti yake mkono, wakaenda jikoni.

Mpiganaji akainuka kumpisha kiti. "Nguvu tano," akajitambulisha. "Wewe ulipata ngapi?"

Binti akafikiri.

"Sijui," akasema. "Hawakusubiri zitulie."

Mpiganaji akatikisa kichwa, akammegea mkate. Sebuleni Mkaguzi alikuwa akieleza kwamba dadu imegonga kiwiko cha mtu. Mara kwato zikasikika koridoni, moja ikichechemea, zikitafuta pa kukanyaga kati ya magodoro. Mama Bingwa akaenda kufungua mlango.