Ni Katuni Tu

Sikudhani, mtumishi wa nyumba, aliteremka na beseni la nguo, akakanyaga mafuta ya kupikia, akaporomoka ngazi mpaka chini. Mkono wa kushoto ndio uliotangulia. Huko juu watoto wa nyumba, Yaarub na dadake Rahaf, walicheka hata wakashikana mabega, maana ndivyo ilivyokuwa kwenye katuni asubuhi ile: mpishi mnene kamwagiwa mafuta, kateleza, kainuka na nundu, kateleza tena. Sikudhani yeye hakuinuka.

Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi wenye nyumba hulala mpaka jua lipande, televisheni iwalelee watoto. Wiki iliyopita alipigwa unga wa macho. Kabla ya hapo alivutiwa kiti akitaka kukaa. Aliposhtaki aliambiwa, ah, hao watoto.

Bi Ruba, mama yao, alishuka akishika ukuta asichafue buibui lake. Asili yake Unguja. Siku alipompokea Sikudhani huku Uarabuni, katokea Tanga, alimkumbatia, akamwambia hapa umefika kwenu, sisi lugha yetu moja. Maneno matamu hayo! Paspoti ya Sikudhani aliifungia kabatini siku hiyohiyo.

Badala ya kuitwa gari, likazuka baraza mezani, juu ya chai aliyoipika Sikudhani mwenyewe kabla hajaanguka. Bwana Suud, baba wa watoto na mkubwa mmoja wa wizarani, alisema katuni za siku hizi takataka tupu, kelele na vipigo. Za enzi zao zilikuwa kwa Kiarabu fasaha, mtoto akitoka hapo ana lugha na adabu. Mkewe akabisha kwamba hata kwenye hizo za kale watu waliangukiwa na majabali na hakuna aliyeharibika. Wakaenda mpaka kwenye rangi na muziki. Sikudhani kajikokota, kakaa sakafuni jikoni, mlango wazi, kiganja kimeumuka kama andazi, anawasikiliza. Neno hospitali halikutajwa.

Hasira zikampanda. Akaingia sebuleni, akang'oa waya wa televisheni kwa mkono mzima, akasimama mbele yao.

"Katuni haina mikono," alisema. "Mafuta kamwaga Yaarub. Nataka daktari, na nataka aniombe radhi."

Bi Ruba alitua kikombe taratibu. "Mtoto mdogo vile akuombe radhi wewe? Ni katuni tu, mwanangu. Sema uliteleza mwenyewe, nikupeleke hospitali sasa hivi."

"Sisemi."

"Basi nnakurudisha ofisini. Dhamana yako haijesha."

Ndiyo desturi yenyewe: mtumishi akikushinda ndani ya muda wa dhamana, wakala aliyemleta anakubadilishia, kama duka linavyobadilisha birika bovu. Mchana wakawa mtaa wa Ruwi, ofisini kwa wakala Hamood, wanawake wamepangwa kwenye benchi wakingoja kuchaguliwa. Hamood alimvuta Sikudhani pembeni, akamnasihi kwa upole: aseme aliteleza, yaishe, kwani akishajulikana mkorofi hakuna nyumba itakayomtaka.

Sikudhani akaligeukia benchi. Akauinua mkono uliovimba, akawaeleza yote, mafuta, kicheko, na uongo aliotakiwa kuusema ndipo atibiwe. Alisema polepole, wa mwisho asikie kama wa kwanza.

Bi Ruba akajifanya hayamhusu. Akamwendea msichana mwenye ushungi wa kijani, akamuuliza kama anapenda watoto. Msichana akautazama mkono wa Sikudhani, asiinuke. Wa pili naye hakuinuka. Bi Ruba akalipita benchi zima na mkoba wake, na hakuna aliyemtazama usoni. Mkono ulimuuma Sikudhani mpaka begani, lakini alifurahi, wallahi alifurahi, mara ya kwanza tangu atue nchi hii.

Hamood akatabasamu. Akatoa funguo mfukoni, akauendea mlango wa nyuma.

"Usitie shaka, Bi Ruba," alisema. "Nnao wengine ndani, wametua jana. Hao hawajasikia kitu."