Roboti wa Khun Thawisak

Pale kazini kwetu, mtaa wa Bang Na, mtu aliyebembelezwa kuliko mkurugenzi mkuu alikuwa Jiab. Hakuwa na cheo cha maana. Alikuwa na leseni.

Kampuni yetu husafirisha mizigo kwa malori, na zile kazi za kompyuta zinazomzeesha mtu, kunakili ankara, kulinganisha namba, tuliwaachia roboti. Usiwafikirie wa chuma wenye macho mekundu. Ni programu tu, na kila mmoja anaishi kwenye kompyuta pepe yake, kompyuta usiyoweza kuishika maana imo ndani ya seva kubwa. Sasa, roboti bila leseni haamki. Leseni zilikuwa chache, idara zilizozitaka zilikuwa zote, na wa kuamua leseni ipi iende mashine ipi alikuwa Jiab.

Kwa hiyo alikula. Watu wa forodha walimletea wali wa kunata na maembe. Oi wa uhasibu alimletea durian, tunda la miiba lililonuka mpaka kwenye lifti. Jiab alikula vyote na hakumpa mtu kitu.

"Mimi sihongeki," aliniambia akilamba vidole. "Ila nyamaza, wasije wakajua."

Mimi nilikuwa idara ya mishahara, meza ya pili kutoka kwake. Mwaka huo Songkran, mwaka mpya wetu wa kumwagiana maji, ilitukuta vibaya. Madereva wetu wengi kwao ni Isan, mbali kaskazini-mashariki, na sikukuu ikikaribia wanataka hela mkononi waende kwa mama zao. Usipowalipa hawaendi nyumbani, wanakuja ofisini. Na roboti wetu mmoja, masikini, alikuwa ameelemewa na saa za ziada za watu wote hao.

"Jiab, dada yangu mzuri," nikamwambia, "niazime leseni moja. Wiki hii tu."

"Ya nani? Nikiwanyang'anya forodha, kamba wataozea bandarini. Nikimnyang'anya Oi, atanitafuna mimi badala ya durian." Akatazama kioo cha kompyuta yake, akakunja uso. "Ila kuna hii mashine inaitwa Mkakati."

"Ni ya nani?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye dari.

Ghorofa ya juu alikaa Khun Thawisak (Khun kwetu ni Bwana au Bibi), naibu mkurugenzi, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya kuuzia samaki. Mwaka juzi, roboti waliponunuliwa, alidai wake wa kwanza kabisa, kwa ajili ya "mkakati wa kampuni". Nani angemuuliza mkakati gani? Wiki hiyo alikuwa likizo, hakusema anaenda wapi.

Jiab akaifungua mashine. Tukasoma pamoja kazi aliyopangiwa yule roboti, na kadiri tulivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Kila alfajiri roboti wa Mkakati anaamka, anachagua picha ya ua kwa rangi ya siku, njano Jumatatu, waridi Jumanne, kijani Jumatano, anaandika "Siku njema, afya tele, utajiri uje," kisha anaituma kwa kila mtu aliyemo kwenye simu ya bosi. Basi. Baada ya hapo anakaa mpaka kesho yake, ameikumbatia leseni.

"Lakini mimi namjibu!" nikasema. "Kila siku namrudishia ua!"

"Umekuwa ukiitumia seva maua," Jiab akasema. "Bila shaka imeguswa."

Akaihamisha leseni ikaja kwetu mishahara. "Tukimaliza namrudishia kimyakimya," akasema. "Hatajua."

Jumatano hakuna aliyepata ua la kijani.

Simu ya kwanza ilikuwa ya shangazi yake bosi, kutoka mkoani Nakhon Sawan, akiuliza kulikoni. Akafuata rafiki aliyesoma naye. Khun Thawisak mwenyewe simu yake ilikuwa imezimwa. Kisha dada mmoja wa mapokezi akakumbuka kwamba Jumapili alimwona bosi akiingia hospitali na begi. Mtu asiyekosa kusalimia hajasalimia, simu haipatikani, na ameonekana hospitali akiwa na begi. Watu wakajumlisha wenyewe.

Alhamisi zikaanza kuja feni.

Siku hizi watu wameacha maua ya msiba, yanaoza bure. Wanatuma feni yenye utepe mweusi, mazishi yakiisha watawa wanaitumia hekaluni. Na kwa kuwa hakuna aliyejua mwili uko hekalu gani, feni zote zikaletwa mapokezi kwetu. Feni ndefu, feni za mezani, moja kubwa ya kiwandani kutoka kwa wapinzani wetu wa kibiashara, yenye utepe ulioandikwa "Pumzika kabisa, usiwaze kazi." Mlinzi, mzee tunayemwita Lung Chuai, yaani Mjomba Chuai, aliipokea kila feni kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, kana kwamba marehemu yumo ndani.

Jiab alikuwa mweupe kama wali. "Nimemuua bosi."

"Hujamuua. Umemnyamazisha tu."

"Ghorofa ya juu watasema ni kitu kilekile."

Tulikuwa bado tunabishana ni nani apande kueleza, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja amevaa nguo nyeusi tupu, macho yamevimba. Alikuwa Khun Ratri, aliyekuwa mke wa bosi. Waliachana miaka minane iliyopita, tena kwa kelele, jengo zima lilisikia.

"Yuko hekalu gani?" akauliza.

Akakaa kwenye kiti cha Jiab bila kukaribishwa.

"Miaka minane," akasema, "hajapitisha asubuhi bila kunisalimia. Sikumjibu hata siku moja. Nilijiambia, acha ahangaike. Na leo niko radhi nijibu, hayupo." Akalia, analia kwa hasira, anapiga meza.

Ningekuwa mimi ningenyamaza. Jiab hakuweza. Akapiga magoti karibu na kiti, akaunganisha viganja, akamwambia yote: leseni, mashine, maua, mishahara ya madereva. Kwamba bosi, kwa anavyojua yeye, yu hai.

Khun Ratri akaacha kulia. "Unaniambia nimesalimiwa na mashine?"

"Ndiyo, mama. Lakini mashine ni ya mwaka juzi tu. Huko nyuma alikuwa anaandika mwenyewe."

"Mwaka juzi," mama akasema polepole. "Ndiyo maana! Mwaka juzi ghafla akaanza kuandika bila makosa. Miaka yote hajui kuandika hata neno 'afya'. Nikasema, amepata mwalimu, amemuoa, sasa mwalimu anamsahihishia. Sikulala wiki nzima!"

Hapo ndipo tuliposikia kelele mapokezi. Tukatoka mbio.

Khun Thawisak alikuwa amesimama katikati ya feni zake. Kusimama nako kulikuwa kwa shida. Miguu ameitanua kama mtu aliyebeba durian mapajani.

"Nani amekufa?" alinguruma.

Lung Chuai, ambaye hakuzoea kuficha kitu, akasema, "Wewe, bosi. Pole sana."

Bosi akasoma utepe mmoja, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye ule wa wapinzani akatukana tusi ambalo siwezi kuliandika. Kisha akamwona Khun Ratri na nguo zake nyeusi, akaliacha tusi la pili.

"Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kuhakikisha. Ulikuwa wapi?"

"Hospitali."

"Una nini?"

Akatutazama sote. Akashusha sauti, lakini sauti ile haikujua kushuka. "Bawasili."

Nilijiuma ulimi mpaka machozi yakanitoka. Oi alijificha nyuma ya feni. Khun Ratri ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta, na wenye mbavu wote wakamfuata. Bosi aliiva kama pilipili. Jiab akajitokeza, akaungama mbele ya watu wote. Bosi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutazungumza," akageuka kwenda nje hatua ndogondogo. Khun Ratri alimpeleka nyumbani kwa gari lake, bosi amelala kifudifudi kiti cha nyuma, wanagombana tangu getini. Hawakurudiana, usinielewe vibaya. Lakini nasikia siku hizi mama anamjibu salamu, na majibu yenyewe si ya kusomwa mbele ya watoto.

Mishahara ilitoka Ijumaa asubuhi. Feni zikagawiwa bohari, maana joto la mwezi wa nne halina adabu.

Mchana tukafanya sherehe yetu ya Songkran uani. Wakubwa walikaa kwenye viti mstari mmoja ili wadogo tuwamwagie maji viganjani, tuombe radhi, nao watubariki, isipokuwa Khun Thawisak, aliyesimama. Jiab alipofika kwake na bakuli la maji ya asumini, akammiminia viganjani, akaomba radhi kwa sauti ndogo.

"Uwe na afya," bosi akamwambia, uso mkavu. "Upate mume mvumilivu. Mashine zako zisikwame."

Jiab akainama kushukuru. Bosi akanyoosha mkono nyuma yake, akachukua ndoo ya maji ya barafu, akammiminia yote shingoni, taratibu, hakubakiza tone. Jiab alipiga yowe, malori yakasimama getini.