Choroko Zangu Zinatoroka

Usiku wa jana niliota nimeketi kwenye kigoda ndani ya figo yangu ya kushoto. Nilifuata chanzo cha povu. Chooni povu la mkojo wangu linasimama kama la sabuni, na mchana tabibu alikuwa amechovya kikaratasi kwenye mkojo huo, akaniambia sina ugonjwa.

Figoni ni kama uani kwangu, hata kuku wangu wa kijivu yupo. Juu kuna chujio, zima, halijatoboka. Linazuia makubwa, madogo linayaachia yashuke na maji, ndivyo lilivyoumbwa. Chini yake kuna mfereji umepindapinda, na kando yake wamekaa akina mama wa kuokota yale madogo yenye faida wayarudishe mwilini. Ni kama kuosha mchele: maji yanamwagika, mkono unazuia punje.

Basi naona choroko zangu zinapita! Zilezile nilizopika kwa karanga. Zinaelea, zinacheka.

"Mnakwenda wapi?"

"Nje, Bibi. Hakuna aliyetushika."

Nawageukia akina mama. Wamelala, mikono imelegea. Katikati yao kimekaa kidonge changu cha maumivu ya magoti, kimekunja nne.

"We kidonge, umewafanyaje hawa?"

"Nimewatuliza. Si ulitaka utulivu?"

"Wa magoti! Nani kakutuma figoni?"

"Magotini kumejaa."

Nikainua kigoda nikitandike. Kumbe uani pamekuwa zahanati, na kwenye kiti cha tabibu kimekaa kile kikaratasi cha kupimia mkojo, kimevaa koti jeupe.

"Bibi Nyamizi, mkojo wako hauna protini."

"Na choroko hizi zinazopita miguuni kwako, si protini?"

"Mimi naona kubwa tu. Ndogo hazinihusu."

"Ehe! Kwa hiyo mwizi akiwa mfupi, si mwizi?"

"Sogea, Bibi, unawazibia wenzio mwanga."

Mwanga! Nikachovya mkono mferejini, nikadaka choroko moja. Ikapiga kelele:

"Niache, nimeshatoka!"

"Hujatoka. Nimekupalilia, nimekupura, nimekuchambua mawe kwa macho haya mabovu. Unakwenda wapi?"

Nikaifunga kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo.

Nikaamka. Pindo la kanga limefungwa, fundo juu ya fundo. Nikalifungua kwa meno. Choroko moja, imelowa, ina povu.

Sijanywa hata chai. Choroko nimeifunga tena, na pakiti ya vidonge nimeitia mkobani. Nakwenda kwa tabibu. Kama kikaratasi chake hakioni vidogo, atafute kinachoona.