Muhuri wa Castelpech

Mimi ndiye ninayekataa kadi. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa katibu wa klabu ya baiskeli ya Cambelle, na kila kadi ambayo mwanachama wa bonde letu hugongewa mihuri ya vijiji alivyofikia hupita mezani kwangu kabla ya kwenda ofisi kuu. Nimekataa kadi ya daktari aliyefika kijijini kwa gari akashusha baiskeli mlangoni pa duka. Nimekataa kadi ya shemeji yangu, na mpaka leo hanipi mkono Krismasi. Sheria ni fupi: mwenye kadi afike mwenyewe, kwa kukanyaga, apate muhuri wenye jina la kijiji na tarehe. Jina langu ni Aubin, lakini huku wananiita Padri, na wanaoniita hivyo hawanisifu.

Firmin Delbreil hakuwahi kunipa kazi. Yeye na mkewe Noëlie walianza kukusanya mihuri ya nchi nzima mwaka waliooana. Vijiji zaidi ya mia tano, kadi mbili, kila mtu na yake. Walikuwa na baiskeli moja ya watu wawili, Firmin mbele kwenye usukani, Noëlie nyuma na ramani, akimgombeza kila njia panda. Barabara kubwa hawakuzitaka. Walifuata mito, wakapita katikati ya mizabibu, kwenye vile vijibarabara ambavyo mbwa hulala katikati na wewe ndiye unayempisha. Miaka arobaini na miwili walifanya hivyo, kila likizo, hadi kikabaki kijiji kimoja tu, Castelpech, kilomita ishirini na sita kutoka mlangoni kwao.

Ndivyo tulivyo sote hapa. Wakati miguu bado ina nguvu unakwenda mbali, milimani na pwani ya kaskazini. Cha jirani unakiacha mwisho, ukijiambia kwamba hata uzee ukikukuta utakifikia. Halafu klabu yetu ina desturi yake: muhuri wa mwisho hauchukuliwi kimya kimya. Klabu nzima inamsindikiza mtu, kisha watu wanakaa mezani, bata wa kuokwa, mvinyo wetu mweusi, hotuba. Hotuba natoa mimi.

Noëlie alifariki Februari. Septemba hii, Jumanne asubuhi, nilikuwa nanoa mkasi wa kuvunia zabibu nilipoiona ile baiskeli ndefu ikisimama uani kwangu, na Firmin kaishika, kavaa fulana ya klabu. Alikuwa amekonda, fulana imemning'inia mwilini.

"Suruali ya baiskeli bado inakuingia, au tumbo limeshakataa?" akaniuliza.

"Inaingia nikivuta pumzi. Tunakwenda wapi?"

"Castelpech."

Nikaweka mkasi chini. "Kuchukua muhuri wako?"

"Wangu utangoja. Nimebeba kadi ya Noëlie." Akagusa mfuko wa mgongoni. "Kila mwaka ofisi kuu wanachapa orodha ya waliomaliza. Nataka jina lake liwe mle. Sitaki kitu kingine, wala sanamu sikuombi."

"Firmin, sheria unaijua."

"Naijua, Padri. Umenisomea mpaka naiota. Panda."

Nikapanda nyuma, kwenye siti ya Noëlie. Ilikuwa chini mno kwangu, magoti yakawa yananigonga kifuani, lakini sikuthubutu kumwambia tuinyanyue. Tukaufuata mto. Ukungu ulikuwa umeshaondoka majini na watu walikuwa shambani wakivuna. Mmoja akatupungia mkono, kisha akaona ni nani aliyekaa nyuma, akaushusha. Gari tulikutana na moja tu, la mwuza mikate. Kabla hatujamaliza kilomita kumi nilikuwa nimeshaamua: nitaipitisha kadi ile. Nitatia sahihi na nitaituma, na atakayeuliza nitamjibu. Niliona haya, lakini pia niliona furaha, na sikumwambia Firmin kitu.

Tulipofika njia panda iliyo chini ya Castelpech, Firmin aliacha kukanyaga. Mimi pia nikaacha. Tulijua wote wawili kwa nini.

Mwaka juzi, Jumapili moja ya Mei, tulipita hapo watu sita tukirudi nyumbani. Noëlie akasema, "Tupandeni basi, ni kilomita tatu tu. Tugonge muhuri tumalize." Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia, "Mama, usituharibie karamu. Ukumbi nimeshaushika, Septemba, na bata wameshaagizwa. Subiri." Wenzetu wakacheka. Firmin naye akasema Castelpech haina miguu, haitakimbia. Tukapita. Agosti ya mwaka ule ule madaktari walimlaza, na ilipofika Septemba hata kukaa kitini hakuweza. Bata tuliwafuta.

"Mlima huu una kona nne," Firmin akasema. "Usikanyage kama unaua nyoka. Taratibu."

Tulipanda. Ana miaka sabini na sita, na nilikuwa nasikia pumzi yake ikikwaruza. Kona ya tatu tulishuka tukasukuma, yeye akanitania kwamba siku zote alijua mimi ni mzigo. Juu kule kuna kanisa, bomba la maji, na duka moja ambalo ndilo posta pia. Mwenye duka anaitwa Mylène, mwanamke wa makamo, na waendesha baiskeli amewazoea.

Firmin akaweka kadi ya Noëlie juu ya kaunta na kuinyoosha kwa kiganja. Kila kisanduku kilikuwa kimejaa isipokuwa kimoja.

"Hongereni jamani," Mylène akasema. "Cha mwisho hiki. Na mwenyewe yuko wapi, anapumzika nje?"

"Amefariki, Februari."

"Pole sana, mzee." Mkono wake ulikuwa umeshafungua kopo la wino, ukasimama. Akaitazama kadi, akatutazama sisi. Hakuwa mjinga. "Muhuri wangu una tarehe, nyie mnajua. Nikigonga leo, watu wa ofisini kwenu wataona." Akageuza muhuri, akatuonyesha vigurudumu vya namba. "Ila hivi vinazunguka. Niambieni siku, nitarudisha nyuma. Mimi sioni ubaya wowote."

Firmin akageuka kunitazama. Alinitazama kama mtoto anayengoja kuambiwa ndiyo.

"Rudisha," nikasema. "Tarehe kumi na nne Mei, mwaka juzi."

Daftari la safari za klabu naandika mimi, na siku ile naijua kwa moyo. Mylène akavizungusha vigurudumu kwa ncha ya kalamu, akachovya wino. Firmin akaweka mkono wake juu ya kadi.

"Ni Jumapili ile," akasema. "Ya pale njia panda."

"Ndiyo. Tulikuwepo wote, mashahidi tumebaki watano. Mkaguzi ni mimi. Nani atauliza?"

"Siku ile alinyamaza mpaka nyumbani," akasema. Hakuwa akinijibu. "Unamjua Noëlie, Aubin. Umewahi kumsikia amenyamaza? Kilomita ishirini na tatu yuko nyuma yangu, hanigombezi. Nikadhani amechoka. Tukala supu, akamimina mvinyo kwenye mchuzi uliobaki bakulini, kama tufanyavyo huku, akanywa, kisha akasema, 'Septemba ni mbali, Firmin.' Nikamwambia, ah, Septemba ni kesho."

Mylène alikuwa bado ameushika muhuri hewani.

"Alikuwa na uvimbe tangu Pasaka," Firmin akasema. "Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi akiwa kitandani hospitalini. Alitaka apate muhuri kwanza, ndipo aende kwa daktari."

Nilishika ukingo wa kaunta.

"Ukigonga siku ile," akamwambia Mylène, kwa upole kabisa, "utakuwa umeandika kwamba nilimsikiliza. Rudisha tarehe ya leo, mama. Gonga ya leo."

"Lakini mzee, ya leo haitamsaidia."

"Najua."

Akavirudisha vigurudumu, akagonga. Castelpech, Septemba, mwaka huu. Muhuri ulitoka safi, wino haukutapakaa hata kidogo. Firmin akaupuliza ukauke, akaisukuma kadi mpaka mbele yangu, na kalamu ya Mylène juu yake.

"Sasa fanya kazi yako."

"Siwezi, Firmin. Twende nayo nyumbani kwanza."

"Umemkatalia daktari. Umemkatalia kaka wa mkeo. Noëlie alikuwa anakuchekea kila mara ukikataa kadi, alisema angalau kuna mtu mmoja bonde hili anayesoma sheria mpaka chini. Usimfanyie upendeleo leo. Andika."

Nyuma ya kila kadi pana mistari mitatu ya mkaguzi. Kwenye wa kwanza niliandika jina lake kamili, Noëlie Delbreil. Kwenye wa pili niliandika neno ambalo mkono wangu unalijua bila kuangalia: imekataliwa. Firmin alikuwa ameacha miwani nyumbani, akaniomba nimsomee, nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa.

"Na sababu," akasema. "Ofisi kuu wanataka sababu."

Mstari wa tatu ni mfupi, hauchukui maneno mengi. Niliandika: Katibu alimwambia asubiri. Nikatia sahihi.