Benchi la Simba wa Mawe

Evaristo aliweka kiganja juu ya kichwa cha simba wa mawe, akaapa, kama alivyoapa kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja.

"Haya nitakayowasimulia ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna chumvi hata punje. Atakayenikamata na uongo, nitakaa mwenyewe kwenye benchi lile nifunguliwe maji."

Wageni wakacheka, maana dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu waone benchi lile likifanya kazi yake. Waungwana waliojenga jumba hili kwenye vilima vya Viterbo, nchini Italia, walipenda utani wa maji. Mgeni alikaribishwa kwa heshima zote, akaketishwa kivulini, akaanza kuyasifu maua, mara michirizi ikamrukia kutoka chini ya makalio. Nyuma ya ukuta, katika chumba chembamba kama kabati, mtunza chemchemi alichungulia kupitia jicho la simba na kuzungusha gurudumu la chuma. Mizunguko mitatu, maji yakaruka. Evaristo aliuendesha mchezo huo kwa miaka arobaini na miwili. Alilowesha maaskofu, maharusi na, kwa maelezo yake mwenyewe, bendi nzima ya tarumbeta ambayo tangu siku hiyo ilipiga nyimbo za mafua tu. Siku hizi gurudumu lilikuwa la Marzia, binti wa dada yake. Yeye alibaki na kazi ya ulimi.

"Mnamwona yule?" Alionyesha chemchemi ya kobe, ambako mwanamke wa mawe, mwenye kuvu la kijani mabegani, alisimama akitazama barabara. "Alikuwa dobi wa jumba hili. Mtunza chemchemi wa zama hizo alimpenda mpaka akawa anasahau kufunga maji. Wakapatana watoroke. Wakutane alfajiri, hapo kwenye benchi. Mwanamume akafika kabla ya jogoo, na mkate, na jibini, na mablanketi mawili. Akangoja. Mwanamke hakutokea! Akangoja hadi konokono wakahamia mifukoni mwake. Akalia, na machozi yake ndiyo yanayotiririka pale mpaka leo. Onjeni wenyewe. Yana chumvi."

Bwana mmoja kutoka Bologna alichovya kidole, akalamba.

"Eti ni kweli?" mkewe akauliza.

"Kidogo," alisema yule bwana, kwa aibu ya mtu asiyetaka kuonekana hana ulimi.

Evaristo alikuwa anajiandaa kwa makofi, sauti iliposikika nyuma ya watu.

"Alikuja."

Aliyesema alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha kupita, amevaa koti jeusi la msiba, mkoba ameukumbatia tumboni. Lafudhi yake ilikuwa ya kijiji hikihiki, ila imepitiwa na vumbi la nchi nyingine.

"Mama mpendwa," Evaristo alitabasamu, "hadithi ni yangu."

"Hadithi ni yako. Kungoja kulikuwa kwangu."

Tabasamu lilibaki usoni mwake kama kofia iliyosahauliwa msumarini. Leonilde! Uso hakuutambua, lakini kidole gumba kile kilichosugua kishikio cha mkoba, huku na huko, alikijua kuliko sala zake.

"Mwanamke alikuja," Leonilde aliwaambia wageni, kwa utulivu kama anayesahihisha anwani. "Alikuja na sanduku la kadibodi lililofungwa kamba. Alikaa hapo tangu kengele ya saa kumi na mbili mpaka basi la saa tatu lilipopiga honi. Mwanamume ndiye hakuonekana. Na dobi hakuwa na shingo ndefu hivyo."

"Mjomba!" Marzia alipiga makofi. "Leo umepatikana! Haya, kakae."

Watu wakaangua kicheko. Leonilde hakucheka. Alimsogelea Evaristo, akashusha sauti.

"Nimekuja kumzika dada yangu. Treni yangu ni saa kumi na moja. Nilitaka kuliona benchi tu, niondoke. Ila huyu binti ametuonyesha kile chumba. Miaka yote sikujua kuwa simba anaona. Nimeweka jicho pale, Varisto. Mtu wa kwenye benchi anaonekana mpaka vifungo vya koti." Akamtazama machoni. "Ulikuwemo?"

Evaristo alikuwa na majibu matatu tayari, na yote yalikuwa mazuri. Homa. Mguu uliovunjika. Mama aliyezirai akiwa ameshika ufunguo. Angeweza kuyapamba yote matatu yakatoka yamependeza, na huenda Leonilde angepanda treni yake akiwa amefarijika.

Lakini jicho lake lilikuwa limerudi kwenye tundu la ukuta. Ana miaka ishirini na miwili, tiketi ya Ubelgiji mfukoni, baridi ya ukuta shavuni. Anamwona msichana akifunga upya kamba ya sanduku mara nne. Anamwona akimenya chungwa, akila nusu, na nusu nyingine akiiweka kando, juu ya leso, upande ambao Evaristo angekaa. Anajiambia: akigeuza uso huku, nitatoka. Msichana anageuza uso. Anageuza tena. Miguu ya Evaristo haitoki, kwa sababu huko kuna migodi na giza na lugha ngeni, na hapa kuna maji anayoyajua kila bomba. Kisha honi.

Uongo aliuanza siku hiyohiyo, kwa mama yake: *hakuja*. Akaurudia kilabuni, akaurudia kwa wageni, akaupa konokono na mablanketi, mpaka kuna asubuhi aliamka akiwa na uchungu halisi wa mtu aliyeachwa, akalia machozi halisi.

"Nilikuwemo," alisema.

Leonilde aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea mzigo aliojua uzito wake tangu zamani.

"Ulilila?"

"Nini?"

"Chungwa langu."

"Nililila. Na mbegu zake."

Kitu kidogo kilitikisika pembeni mwa mdomo wa Leonilde, kisha kikatulia. Alimgeukia Marzia, akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, mwanangu. Mlango nimeuona."

Marzia alimtazama mjomba wake. Evaristo akainamisha kichwa kukubali, akaenda mwenyewe kwenye benchi, akaketi.

Mwanzoni wageni walisimama na simu zao juu, wakisubiri kishindo. Dakika zikapita. Bwana wa Bologna akashusha mkono. Mmoja mmoja wakateremka kuelekea lango, na Marzia akawafuata akigeuka nyuma kila hatua. Jua likahama kutoka kwenye magoti ya Evaristo. Hakujua kungoja ni kazi ya mwili mzima hivi: shingo, mgongo, vidole. Aligeuza uso kuelekea kwa simba. Jicho lilikuwa jeusi. Akageuza tena.

Kisha akasikia chuma kikilia ndani ya ukuta, sauti anayoijua kuliko jina lake. Mzunguko mmoja. Wa pili.

Wa tatu haukuja.

Evaristo alivua kofia, akaiweka magotini, akajisogeza kidogo kando kuacha nafasi ya mtu wa pili.